VPN kwenye televizio na ruta ya nyumba: inafunika nini, inakula mega ngapi, na nani anabaki na ufunguo

Mwanzo wa Februari 2025, siku chache kiisha mji wa Goma kuingia mikononi mwa AFC/M23, TikTok na X zilianza kukataa kufunguka mu Congo. Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri walijifunza haraka neno VPN. Kwenye telefone haikuwa kazi: kupakua programu, kubonyeza, kuingia. Lakini nyumba mingi siku hizi zinaangalia YouTube, filamu na mpira kwenye ekrani kubwa ya saloni, kwa boksi ya Android ao televizio yenye intaneti ndani. Pale VPN ya telefone haifiki. Kutoka hapo njo linazaliwa wazo la kuweka VPN ndani ya ruta yenyewe, ili kila chombo cha nyumba kipitie humo.

Wazo si baya. Lakini linauzwa na ahadi kubwa kuliko kazi yake: eti mega zitapungua, koneksio itakimbia, na hakuna mtu atajua nani ameangalia nini. Ahadi mbili za kwanza ni uongo. Ya tatu iko na nusu ya ukweli, na nusu ile inafaa kuelezwa vizuri.

Bahasha ndani ya bahasha

Bila VPN, kampuni ya telefone inayouza mega inaona kila chombo cha nyumba kinaongea na nani. Haioni yote. Tovuti kubwa zinafunga mazungumzo yao tangu miaka mingi, hivi kampuni inaweza kujua kwamba nyumba fulani ilifungua YouTube saa mbili za usiku, bila kujua ni video gani. Jina la YouTube linaitosha, kwani kwa jina lile njo inafunga mlango wakati serkali inapoiambia kufunga.

Kwa VPN, ruta inachukua kila barua inayotoka nyumbani, inaitia ndani ya bahasha ingine, na juu yake inaandika adresi moja tu: ile ya seva ya VPN, tuseme iko Nairobi, Johannesburg ao Paris. Kampuni ya telefone inabaki kuona bahasha zinazoenda Nairobi, uzito wake na saa yake. Seva ya Nairobi inafungua bahasha ya inje, inasoma adresi ya ndani, inatuma mbele. YouTube nayo inaona mgeni anayetoka Kenya.

Matangazo ya VPN yanaruka fasi hii: yale ambayo kampuni ya telefone ilikuwa inayaona, sasa anayaona mwenye seva. Kampuni ya telefone iko na ofisi mu mji, iko na ruhusa ya ARPTC, na mteja anajua fasi ya kwenda kulalamika. Mwenye seva, mara mingi, ni jina la programu na picha ya ngao. Na kwa ruta, si telefone moja inayohamia kwake. Inahama nyumba yote: telefone za watoto, kompyuta ya kazi, na jirani aliyepewa neno la siri la wifi.

Kosa la hotspoti

Nyumba mingi hazina ruta. Televizio inakula mega za telefone ya baba ao ya dada mkubwa kwa hotspoti. Mtu anawasha VPN kwenye telefone ile, anaona alama ya ufunguo juu ya ekrani, na anafikiri televizio nayo imefunikwa. Hapana. Kwenye Android na kwenye iPhone, VPN inafunika programu za telefone yenyewe. Chombo kilichoshika hotspoti kinapita pembeni, bila bahasha ya pili. Kama programu fulani imefungwa, itafunguka kwenye telefone na itabaki kufungwa kwenye televizio, na watu wataanza kulaumu televizio.

Anayetaka kubaki na hotspoti anaweza kuweka VPN ndani ya boksi. Boksi na televizio za Android TV na Google TV zinakubali, vifaa vya Fire TV vya Amazon pia, na Apple TV tangu tvOS 17 ya mwaka 2023. Televizio za Samsung na LG zenye programu zao za kiwanda kwa kawaida hazina VPN mu duka lao, vilevile Roku, PlayStation na Xbox. Kwa hizo kunabaki kompyuta ya Windows: inapokea mega kutoka telefone, inawasha VPN, kiisha inagawa koneksio kwa wifi yake. Pale inabidi kuchagua kugawa koneksio ya VPN yenyewe. Mwenye kuchagua ile ya kawaida anarudia kosa lilelile. Na kompyuta itabaki imewaka usiku mzima, jambo ambalo wenye kuishi na batri na paneli wanajua bei yake.

Si kila ruta inaweza

Modem ndogo ya mfukoni, ile inayouzwa pamoja na laini ya 4G, mara mingi haina nafasi ya VPN ndani. Ruta ya Starlink pia haina. Anayeitumia anapaswa kuongeza ruta ingine nyuma yake. (Starlink ilikatazwa mu Congo mu Machi 2024, kiisha ikapata ruhusa mu Mei 2025.)

Kwenye karton za ruta zingine neno VPN limeandikwa kwa herufi kubwa, na hapo njo watu wanapoteza feza. Kuna maneno matatu yanayofanana. "VPN passthrough" maana yake ruta haizuii VPN ya kompyuta ya mtu kupita, basi. "VPN server" inamsaidia mwenye nyumba aliye safari Kinshasa kuingia kwenye vyombo vyake vya Bukavu. Ile ya kufunika televizio inaitwa "VPN client". Ruta mingi za ASUS ziko nayo, ruta ndogo za GL.iNet vilevile, na MikroTik, ambazo mafundi wa rezo wanazijua sana, zinakubali WireGuard tangu RouterOS 7. Ruta ya zamani inaweza kuwekewa OpenWrt, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwanda. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, ruta inaweza kufa kabisa. Si jambo la kujaribu na ruta moja tu ya nyumba.

Kiisha kuna aina ya VPN yenyewe. PPTP, ya miaka ya 1990, bado inaonekana kwenye ruta za bei ndogo, na fundi anaipenda kwa sababu inawekwa kwa dakika mbili. Ikataliwe: mwaka 2012 ilionyeshwa mbele ya watu kwamba kufuli yake inavunjwa chini ya siku moja. OpenVPN, ya mwaka 2001, iko imara lakini inachosha ruta ndogo. WireGuard ni nyepesi zaidi, na tangu Machi 2020 iko ndani ya Linux. Kwa nyumba yenye megabiti 4 ao 5 kwa sekunde, tofauti ya mwendo kati ya hizo mbili haionekani sana, kwani kinachobana ni rezo. Inaonekana kwa wenye Starlink ao fibre.

Umeme unaokatika na saa ya ruta

Kuna shida moja ambayo maelezo yaliyoandikwa Ulaya hayaigusi sana, kwa sababu kule umeme haukatiki mara tatu kwa juma. Ruta ndogo hazina batri ya kuhifadhi saa. Umeme ukienda na kurudi, ruta inaamka na tarehe ya nyuma, wakati mwingine ya miezi, wakati mwingine ya miaka.

VPN haipendi hilo. WireGuard inatia saa ndani ya salamu yake ya kwanza, na seva inakumbuka saa ya salamu ya mwisho iliyopokea. Salamu yenye saa ya nyuma inatupwa, ili mwizi asirudie salamu aliyoinasa jana. OpenVPN nayo inatazama tarehe ya cheti: ruta inayofikiri iko mwaka 2019 inaona cheti cha 2024 hakijazaliwa bado. Kwa kawaida ruta inauliza saa kwenye intaneti kiisha kuamka. Lakini kama fundi ameifunga ili kitu chochote kisipite inje ya VPN, swali la saa nalo limefungwa. Ruta inangoja VPN ili ipate saa, VPN inangoja saa ili ifunguke. Taa zote zinawaka, wifi inaonekana, hakuna kitu kinachofunguka, na mwenye nyumba anaenda kununua mega zingine bure.

Dawa si ya bei kali. Swali la saa liruhusiwe kupita inje ya VPN, na seva ya saa iandikwe kwa namba zake, si kwa jina, kwani kutafuta jina nako kunapitia VPN. Batri ndogo ya volti 12 nyuma ya ruta inasaidia pia, kama ruta inatumia volti 12. Kabla ya kumlipa fundi, ruta ichomolewe robo ya saa, iwashwe tena, na televizio ijaribiwe mbele yake. Kazi mingi zinaonekana nzuri mpaka umeme wa kwanza kukatika.

Kile kifungo cha kuzuia kila kitu wakati VPN imeanguka nacho kinaombwa bila kufikiri. Kwa familia inayotaka filamu tu, si lazima: VPN ikianguka, video inaendelea ao inasimama, hakuna aliyeumia. Kwa mwanahabari ao mtetezi wa haki za binadamu anayefanyia kazi nyumbani, kifungo kile njo sababu yenyewe ya kuwa na VPN, kwa sababu dakika mbili za kupita wazi zinaweza kutosha kuonyesha aliongea na nani.

Nani aingie, nani abaki inje

Ruta nzuri inaruhusu kuchagua vyombo. Televizio ipite ndani ya VPN, telefone zibaki kwenye njia ya kawaida. Kwa mikoa ya mashariki kuchagua hivi kunafaa kuliko kufunika wote, na sababu kubwa ni mega za namna ya pekee. Mtu aliyenunua forfe ya WhatsApp peke yake anategemea kampuni ya telefone itambue kwamba hii ni WhatsApp. Ndani ya VPN haitambuliki. Mega za kawaida zinaliwa, ao koneksio inakataa kabisa.

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwa namba za nyota na reli hazipiti kwenye intaneti, hivi VPN haizigusi. Programu za banki ni kitu kingine: mteja wa Butembo anayeonekana ghafula yuko Uholanzi anaweza kuzuiwa, na kufungua konti tena kunaomba safari ya ofisi.

Hesabu ya mega

Bahasha ya pili iko na uzito wake. Kwa WireGuard, kila pakiti ya data inaongezewa baiti 60 hivi, maana yake karibu asilimia 4 kwa video. OpenVPN inaongeza zaidi. Netflix yenyewe inasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3. Filamu ya saa mbili ni GB 6, na VPN inaongeza MB 250 hivi. Si mzigo mkubwa.

Mzigo mkubwa uko fasi ingine. Boksi iliyounganishwa vizuri inapandisha picha yenyewe mpaka HD ao 4K, inapakua mapya ya programu usiku, na inacheza video ingine wakati watoto wamelala. Anayetaka kuokoa mega apunguze ubora wa picha ndani ya programu. Kwa ekrani ya kawaida, GB 0,7 kwa saa, ile ambayo Netflix inaita ya katikati, inatosha. VPN inayosema inabana data ya video inadanganya: video tayari imebanwa kabla ya kutumwa.

Mwendo unategemea fasi ya seva. Kwa Goma ao Bunia, seva ya Nairobi ao Johannesburg kwa kawaida inajibu haraka kuliko ya Amerika, hata kama ramani ya programu inaonyesha bendera ya Marekani ya kwanza.

Filamu za inchi zingine

Watu mingi wanataka VPN ili kuona filamu ao mechi zisizoonyeshwa mu Congo. Haki za kuonyesha zinauzwa inchi kwa inchi, na makampuni yanalinda kile yalichonunua. Netflix iliingia Congo mu Januari 2016 pamoja na inchi zaidi ya 130, na mwezi ule ule ikatangaza kwamba itazuia wanaopitia VPN kuona orodha ya inchi ingine. Tangu hapo ni mchezo wa paka na panya: seva inafanya kazi leo, juma lijalo inaandika kosa. Mtu akilipa abonema ya mwaka mzima kwa sababu ya mechi fulani, anacheza kamari. Dekodere ya Canal+ inayoshika satelaiti haihusiki na haya: picha yake haitoki kwenye intaneti.

Na boksi inayouzwa na "chaneli zote milele" pamoja na VPN ndani yake inauza picha za wizi. VPN haibadilishi sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986. Lakini shida ya boksi zile inapita sheria.

Boksi ya bei ndogo na VPN ya bure

Mu Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada, Daniel Milisic, alitangaza kwamba boksi ya Android aina ya T95 aliyoinunua ilikuwa na programu mbaya ndani tangu kiwandani. Mu Oktoba ya mwaka ule kampuni ya usalama ya Human Security ilieleza kundi zima la vyombo vya namna ile na kuliita BADBOX. Mu Juni 2025 polisi ya FBI ya Marekani ilionya watu juu ya BADBOX 2.0, na mu Julai Google ilipeleka jambo kwenye tribinali, ikisema vyombo zaidi ya milioni 10 vimeshikwa. Ni boksi na ekrani za Android zisizo na idhini ya Google, zile za bei ndogo zinazosafiri dunia nzima bila jina linalojulikana.

Kazi moja ya programu ile ni kukodisha adresi ya nyumba. Mtu wa mbali anapitisha wizi wake kwenye intaneti ya saloni ya watu, na anayeonekana mwizi ni mwenye laini. Laini ile, mu Congo, imeandikishwa kwa jina na karte ya mwenyewe. VPN ndani ya ruta haizuii hilo hata kidogo. Boksi mbaya inafanya kazi yake ndani ya bahasha kama vyombo vingine.

VPN za bure zimefanya vilevile. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola ilikuwa inauza koneksio za watu waliopakua programu yake. Mu Mei 2024 Marekani ilibomoa rezo iliyoitwa 911 S5, yenye adresi zaidi ya milioni 19, iliyojengwa kwa VPN za bure kama MaskVPN, DewVPN na ShieldVPN. Facebook nayo ilikuwa na VPN ya bure, Onavo, iliyoipa habari za programu ambazo watu wanatumia, mpaka Apple ikaitaka itoke kwenye duka lake mu 2018.

Si kila VPN ya bure ni mtego. Proton VPN ya Uswisi inatoa njia ya bure isiyo na kipimo cha mega, inayolipwa na wateja wa abonema, ingawa mwendo wake na seva zake vimepunguzwa. Swali la kuuliza ni nani analipa seva. Kama jibu halionekani, basi nyumba njo inalipa. Faili za kupata "mega za bure" zinazozunguka mu magrupu ya WhatsApp ziko mbaya zaidi: aliyetengeneza faili ndiye mwenye seva, na kila kitu kinapita mbele yake. Kwa boksi, anayenunua aangalie mu mipangilio ya Play Store kama imeandikwa kwamba chombo kimethibitishwa na Play Protect. Kama hakijathibitishwa, kisishike wifi moja na kompyuta ya kazi.

VPN na mupaka

VPN inahitaji intaneti iwepo. Mwisho wa Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu Congo kwa karibu siku 20, na hakuna VPN iliyosaidia. Waliobaki na njia walikuwa wale waliofikiwa na rezo ya inchi jirani, kwa sababu amri ya kufunga inafuata kampuni ya laini, haifuati udongo. Ndivyo ilivyo hata leo kwa laini ya Rwanda inayoshika Goma ao Bukavu. Na inageuka pia: Uganda ilifunga Facebook mu Januari 2021, hivi mfanyabiashara wa Kasindi mwenye laini ya Uganda anahitaji VPN kwa kitu ambacho jirani yake mwenye laini ya Congo anafungua bila shida.

Wasafiri wa Uvira na Kalemie wanaovuka ziwa kwenda Kigoma wajue kwamba mu Oktoba 2023 TCRA ya Tanzania iliomba kila mwenye kutumia VPN ajiandikishe, na ikakumbusha adhabu ya faini na kifungo. Ruta inabaki nyumbani, lakini programu iko mu telefone mfukoni. Na mtu akiombwa kufungua telefone yake njiani, VPN haifichi kitu: inafunika barua zinazosafiri, haifuniki picha na ujumbe vilivyolala ndani.

Kunabaki ufunguo. Fundi anapoweka WireGuard, anatia ndani ya ruta faili moja ndogo, na mwenye nakala ya faili ile anaweza kutumia abonema hiyo fasi yoyote. Mara mingi nakala inabaki kwenye telefone ya fundi, pamoja na neno la siri la ruta. Kiisha kazi, mwenye nyumba abadilishe neno la siri la ruta yeye mwenyewe, aingie kwenye konti ya VPN, afute faili ya kwanza na kutengeneza ingine, kiisha aiweke. Abonema iandikwe kwa adresi ya barua pepe ya nyumba, si ya fundi. Kama fundi anakataa kuonyesha fasi ya kubadilisha, kazi haijamalizika.